Kabla hujasaini oda: namna ya kununua vitu vya kazini visivyoumiza watu wala kujaza jalala

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nashughulika na manunuzi ya karakana moja, na kwenye oda nikaandika "glavu, pea 50", basi, hamna kingine. Saplaya akaleta glavu za mpira mwembamba, bei nzuri, nikasaini zikaingia stoo. Wiki hiyo hiyo fundi mmoja akanijia mikono imebabuka, ngozi inatoka kama maganda, kumbe walikuwa wanaoshea vipuri kwa thina na ule mpira ukigusana na thina unalainika na kuvimba ndani ya muda mfupi, thina inapita moja kwa moja mpaka kwenye ngozi, na mtu akishavaa glavu anajiona yuko salama kwahiyo anachovya mkono mzima bila wasiwasi. Angefanya kazi bila glavu angalau angekuwa muangalifu. Saplaya hakukosea, alileta nilichoandika. Fundi hakukosea, alivaa alichopewa. Kosa lilikuwa kwenye yale maneno mawili ya oda, na oda niliandika mimi.

Tangu hapo naangalia manunuzi kwa jicho lingine kabisa. Kila sumu iliyomo kwenye jengo lenu, kila betri iliyovimba kwenye droo, kila rundo la vitu vibovu nyuma ya stoo, kuna mtu alisaini ndio kikaingia. Wataalamu wa usalama kazini wana mpangilio wao unaotumika dunia nzima: kwanza ondoa hatari kabisa, ikishindikana badilisha uweke kitu chenye nafuu, ikishindikana weka kizuizi au mashine ya kuvuta moshi, halafu ndio zinakuja taratibu na mafunzo, na mwisho kabisa glavu na barakoa. Sasa zile mbili za juu, kuondoa na kubadilisha, zote ziko mkononi mwa mnunuzi. Kitu ambacho hakikununuliwa hakimwagiki, hakishiki moto, hakihitaji barakoa wala hakitafutiwi pa kutupwa. Lakini sehemu nyingi tunaenda kinyumenyume, tunanunua kitu kibaya halafu tunanunua na glavu za kukishikia.

Anza kwa kuzunguka, bei baadae

Kabla hujaandika orodha yoyote chukua daftari uzunguke, siku mbili zinatosha kwa sehemu ya kawaida. Fungua kabati zote, angalia chini ya masinki, chumba cha wafanya usafi, chini ya meza ya IT, nyuma ya jenereta. Kila unachokuta andika jina, kiasi kilichobaki, tarehe ya kuisha muda, na nani anakitumia, na kama hamna anayejua nani anakitumia hilo nalo ni jibu. Utakuta makopo ya rangi yamekauka, boksi la tona ya printa iliyokufa zamani, dawa za kusafishia aina saba ambazo zote kazi yao ni moja. Kila kimoja hapo ni hela iliyolala, na vingine hata kutupa huwezi kiholela, inabidi ulipe tena vichukuliwe.

Ukimaliza kuzunguka ndio unajiuliza, je kinahitajika kweli, je kuna kingine mahali kinaweza kuhamishwa, je hiki kibovu kinatengenezeka. Unakuta idara moja inaomba viti vipya wakati ghorofa ya juu kuna viti 10 vimefunikwa nailoni hamna anayevikalia. Halafu punguza aina. Mkiwa na dawa mbili za usafi badala ya saba, mafunzo yanakuwa mepesi, stoo inapumua, na nafasi ya mtu kuchanganya visivyochanganyika inapungua sana.

Muulize anayekishika

Hili watu wengi wa ofisini wanaliruka na ndilo linaloumiza. Anayedeki anajua dawa ipi inamkohoza. Fundi anajua ngazi ipi inacheza. Mtu wa mapokezi anajua kiti kipi kinamuua mgongo saa nane mchana. Hao wakae na wewe kabla ya oda, sio baada ya mzigo kufika. Mimi huwa naomba sampuli, watumie wiki mbili kwenye kazi yenyewe halafu waniambie, na nikisema wiki mbili namaanisha kweli kwasababu siku ya kwanza kila kitu kipya kinaonekana kizuri. Viatu vya usalama kwa mfano, kama vinambana mtu vidole hatavivaa hata uweke faini, na hapo umenunua pambo la stoo. Vile vile saizi, kuna sehemu wananunua glavu na ovaroli saizi moja kubwa kwa wote, wenye miili midogo wanavaa kitu kinachoning'inia na kitu kinachoning'inia karibu na mashine inayozunguka ni hatari kuliko kutovaa.

Oda iandikwe ieleweke

Ile oda yangu ya pili ya glavu ilikuwa na mistari sita. Nilitaja kemikali itakayoshikwa, muda mkono utakaokaa ndani, saizi na idadi ya kila saizi, urefu mpaka wapi, na nikaomba jedwali la mtengenezaji linaloonyesha glavu hiyo inastahimili kemikali ipi kwa dakika ngapi. Hilo jedwali ndilo la maana kwelikweli, maana hamna glavu ya kila kitu. Naitrili, aina ya mpira wa kutengenezwa kiwandani, inavumilia vizuri mafuta na grisi lakini kwa asetoni, kile kiyeyushi cha kutolea rangi ya kucha, ni dhaifu, butili, aina nyingine ya mpira huo, inavumilia asetoni lakini kwa petroli haifai, na mpira wa kawaida kwa mafuta na thina ndio usiuguse kabisa, tena kuna watu wana mzio nao. Thina nayo mara nyingi ni mchanganyiko wa vitu kadhaa, ndio maana usikisie, mpe saplaya jina kamili la bidhaa adai jibu kwa mtengenezaji.

Barakoa nazo ni hivyo hivyo. Barakoa ya FFP2, daraja mojawapo la barakoa za vumbi, inachuja angalau asilimia 94 ya vumbi na chembe, nzuri, ila kwa mvuke wa thina au rangi haisaidii kitu, mvuke unapita kama vile hamna. Hapo unahitaji ile yenye katriji ya mvuke, na katriji ina tarehe yake ya kuisha muda kwahiyo ukinunua za miaka mitatu kisa punguzo umenunua takataka ya baadae.

Hata karatasi za printa andika sifa zake. Rimu ya A4 ya gramu 80 yenye karatasi 500 inatakiwa iwe na uzito wa karibu kilo 2.5, kwasababu karatasi 16 za A4 zinafanya mita mraba moja, kwahiyo kila karatasi ni gramu 5. Ukiletewa rimu imeandikwa 80 halafu kwenye mzani inasoma kilo 2.2 hiyo ni ya gramu 70, zinaweza kukwama kwenye printa na watu wakachapa mara mbili mbili. Mzani mdogo tu stoo unamaliza ubishi.

Kemikali, hapa tukae kidogo

Kemikali sio za kiwandani tu. Dawa ya choo, ya vioo, ya kuua wadudu, gundi, wino, rangi, gesi ya kiyoyozi, zote hizo. Sheria yangu ya kwanza ni kwamba kemikali mpya haiingii getini bila karatasi yake ya usalama, ile watu wanaiita SDS. Kwa mpangilio wa Umoja wa Mataifa wa kuweka alama za kemikali, uliotoka mara ya kwanza 2003 na unajulikana kama GHS, hiyo karatasi ina vipengele 16 na mpangilio ni ule ule popote ilipotoka, na huo ndio uzuri wake, ukishajua kusoma moja umejua zote. Na usiogope kumdai saplaya, sio kwamba unamsumbua, mkataba namba 170 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1990 unasema wazi kwamba anayesambaza kemikali hatari anatakiwa atoe lebo na hiyo karatasi.

Huna haja ya kusoma yote 16 kila mara. Mnunuzi asome kipengele cha 2 kinachotaja hatari zenyewe, cha 3 kinachosema ndani kuna nini, cha 7 kuhusu kushika na kuhifadhi, cha 8 kuhusu vifaa vya kujikinga, cha 10 kinachokwambia isikutanishwe na nini, na cha 13 kuhusu kuitupa. Kipengele cha 8 ukikisoma vizuri ndio unajua bei halisi, maana dawa inaweza kuwa rahisi lakini pale wanakwambia ivaliwe miwani ya kufunika jicho lote, glavu za aina fulani na chumba kiwe na feni ya kuvuta hewa, sasa jumlisha vyote hivyo uone kama bado ni rahisi. Angalia na tarehe karatasi ilipoandikwa, ikiwa ya zamani sana omba mpya.

Kwenye lebo tafuta zile alama za pembenne zilizosimama kwa ncha, mstari mwekundu pembeni na mchoro mweusi katikati, ziko 9. Fuvu la kichwa maana yake sumu ya haraka. Mkono unaoliwa pamoja na chuma ni kitu kinachounguza ngozi na macho. Na kuna moja watu hawaielewi, mchoro wa kifua cha mtu chenye kitu kama nyota iliyopasuka, hiyo ni ya madhara ya muda mrefu kama saratani, kudhuru uzazi au kuharibu mapafu, na ndiyo ninayoiogopa zaidi kwasababu leo hutasikia chochote. Halafu kuna neno moja la tahadhari, Hatari (Danger) au Onyo (Warning), na Hatari ndio zito. Ukiwa na dawa mbili zinafanya kazi ile ile, moja ina neno Hatari na ile alama ya kifua na nyingine haina hata alama moja, chagua ya pili hata kama imezidi bei kidogo. Hapo ndipo kubadilisha kunapofanyika kweli, kwenye meza yako, kabla hamna aliyevuta harufu.

Kuchanganya. Dawa yenye klorini ikikutana na yenye amonia inatoa gesi ya kloramini, ikikutana na asidi kama zile za kutolea madoa chooni inatoa gesi ya klorini yenyewe, na zote mbili zinaunguza mapafu. Watu wa usafi wanachanganya sio kwasababu ni wazembe, wanachanganya kwasababu wamepewa zote mbili na wanaambiwa choo king'ae. Mnunuzi akiamua kutonunua moja kati ya hizo, shughuli imeisha.

Suala la ujazo sasa. Dawa iliyokolea ina faida kubwa sana, lita 1 inayochanganywa kwa lita 100 za maji inakupa karibu ndoo tano za lita 20, wakati chupa zilizochanganywa tayari unalipia maji, unasafirisha maji na unabaki na chupa tupu za kutupa. Lakini ikiwa imekolea ndio inaunguza zaidi, na mtu akimimina kwa macho anatia mara tatu ya inavyotakiwa, anadhurika yeye na hela inaenda na maji machafu. Kwahiyo ukinunua iliyokolea nunua pamoja na pampu ya kipimo au kifaa cha kuchanganyia, na chupa za kupulizia zenye lebo kamili. Kama hamwezi kupata hivyo basi baki na iliyochanganywa tayari, nasema hivi japo napenda kupunguza taka, mkono wa mtu unatangulia.

Na usijaze stoo. Dawa ya klorini ya maji inapungua nguvu kadri inavyokaa, na sehemu yenye joto inapungua haraka zaidi, kwahiyo ukinunua ya mwaka mzima miezi ya mwisho mnadeki kwa maji yenye harufu tu. Nunua ya muda mfupi, agiza tena.

Vingine navitaja haraka. Rangi, dai maandishi kwamba risasi haizidi sehemu 90 kwa milioni, hicho ndicho kiwango kinachopendekezwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, na uwe makini zaidi na njano na nyekundu maana kuna rangi za unga za zamani za kundi hilo zinatengenezwa kwa risasi. Gasketi, pedi za breki na mabati ya saruji, andika "bila asbesto" kwa herufi kubwa, asbesto ya aina yoyote inaleta saratani. Meza na kabati za MDF, zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, uliza kiwango cha fomaldehidi kwenye gundi yake, hiyo nayo imewekwa kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, na zikifika ziache sehemu yenye hewa kabla hujawafungia watu nazo ndani.

Sio kila chenye rangi ya kijani ni kizuri

Neno "rafiki wa mazingira" likikaa peke yake kwenye chupa halikuambii kitu. Kuna kiwango cha kimataifa, ISO 14021, kinachohusu madai ambayo kampuni inajitolea yenyewe, na kinakataza kabisa maneno ya jumla jumla kama hayo. Unachotafuta ni nembo inayotolewa na mtu wa tatu baada ya kupima. Der Blaue Engel ya Ujerumani ndio kongwe, ipo tangu 1978. Kuna Nordic Swan ya nchi za kaskazini mwa Ulaya tangu 1989, Green Seal ya Marekani, EU Ecolabel tangu 1992, FSC kwa mbao na karatasi, Energy Star kwa matumizi ya umeme, na EPEAT pamoja na TCO Certified kwa kompyuta na skrini. Nembo inaweza kubandikwa na yeyote mwenye printa, kwahiyo chukua namba ya cheti au jina la modeli ukaitafute kwenye orodha ya wenye nembo wenyewe, dakika tano tu.

Kuna ujanja mwingine nataka uujue. Saplaya anakuletea cheti cha ISO 14001 anakwambia bidhaa yetu ni salama kwa mazingira. Hicho cheti ni cha namna kampuni inavyoendesha mambo yake, hakisemi chochote kuhusu ile chupa unayonunua. Na ISO 20400 ya mwaka 2017, inayohusu manunuzi endelevu, ni mwongozo wa kukusaidia kupanga, sio kitu cha kutolewa cheti, kwahiyo mtu akikuonyesha cheti chake muulize maswali.

Taa, viyoyozi, kompyuta

Hapa hesabu ni nyepesi. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 10 kwa siku kwa siku 250 za kazi inakula uniti 150, LED ya wati 9 inayotoa mwanga karibu ule ule inakula uniti 22.5, na inadumu muda mrefu mno kuliko ile. Zile taa ndefu za mirija za zamani, za floresenti sio za LED, zina zebaki ndani, mtu akivunja moja chumbani mvuke unatoka. Nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata, ule wa zebaki ulioanza kufanya kazi 2017, zilikubaliana mwaka 2023 kwamba taa hizo zisitengenezwe wala kuingizwa tena baada ya 2027, kwahiyo ukiona mtu anakuuzia kwa punguzo kubwa sasa hivi jua anamaliza stoku yake. Zile za zamani mkizitoa zisivunjwe wala kutupwa kwenye pipa la kawaida, ziwekwe kwenye maboksi yake mpaka zichukuliwe na wanaohusika.

Viyoyozi watu wanaangalia bei na ukubwa tu, gesi iliyomo ndani hawaiulizi. Gesi ya R-410A ikivuja kilo 1 inapasha joto dunia sawa na karibu tani 2 za hewa ya ukaa, R-32 ni kama theluthi ya hapo, na R-290, ambayo ni propani, ni ndogo sana. R-22 usinunue hata ukipewa bure, inaharibu tabaka la ozoni na inaondolewa duniani kote, hata gesi ya kujazia itakuja kukosekana. Lakini ona sasa, R-32 inashika moto kidogo na propani inashika moto kabisa. Kilicho bora kwa anga kinahitaji fundi aliyefunzwa, kwahiyo kwenye oda ya kiyoyozi weka na fundi mwenye cheti cha gesi hiyo, usitenganishe oda mbili.

Kompyuta na simu za kazi, uliza vitu vitatu: betri inabadilishika bila kubomoa mashine, spea zitapatikana miaka mingapi, na programu itapata maboresho ya usalama mpaka lini. Hicho cha tatu ndicho kinachoua mashine nzima bado zikiwa hai. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na asilimia 22.3 tu ndio zilijulikana kukusanywa na kuchakatwa inavyotakiwa, baadhi ya zilizobaki zinachomwa na watu wasio na kinga yoyote wanatafuta shaba. Za mkono wa pili zilizofanyiwa ukarabati na zenye waranti nazipenda sana kwa kazi za kawaida za ofisi.

Betri za lithiamu na chaja usitafute cha bei poa kupita kiasi. Bandia nyingi hazina saketi ya kuzuia kujaa kupita kiasi, ndizo zinazovimba na kuwaka usiku watu wameacha kwenye chaja. Omba ripoti ya majaribio ya UN 38.3, yale ya Umoja wa Mataifa ya usalama wa betri za lithiamu safarini, betri ya halali inayosafirishwa lazima iwe nayo, akikosa achana naye.

Bei ya kwenye kotesheni sio bei yote

Bosi atakuuliza mbona hii ghali. Usimjibu kwa maneno ya mazingira peke yake, mpe jedwali la safu chache: bei ya kununua, umeme au wino au katriji kwa miaka itakayodumu, matengenezo, vifaa vya kujikinga vinavyolazimika, mafunzo, na gharama ya kukitupa. Printa ni mfano mzuri, ya bei rahisi inakula wino wa bei mbaya, ukihesabu kwa kila karatasi unakuta ile ya ghali ndiyo rahisi, hasa ukiiweka ichape pande mbili yenyewe bila mtu kuchagua. Na ukiweza weka kwenye jedwali siku za kazi zilizopotea kwa watu kuumia au kuumwa, yule fundi wangu hakushika kazi kwa siku kadhaa na hamna aliyeweka hiyo kwenye bei ya zile glavu.

Saplaya na mzigo

Saplaya mzuri utamjua kwa majibu yake. Muulize kitu kinatengenezwa wapi na nani, kama kiwanda kinakaguliwa kuhusu watoto na watu wanaolazimishwa kufanya kazi, kama atachukua tena paleti za mbao, madumu na katriji tupu, kama anaweza kuleta mara moja kwa wiki badala ya kila siku kitu kimoja kimoja. Akikasirika kwa kuulizwa umeshapata jibu. Akisema sijui ngoja niulize halafu kweli akarudi na jibu, mshike huyo.

Na kwasababu tunaongelea manunuzi salama nigusie na wizi. Ukipata email kwamba saplaya amebadilisha akaunti ya benki usilipe, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo zamani sio iliyo kwenye hiyo email, na anayeomba, anayeidhinisha na anayepokea mzigo wawe watu tofauti. Hiyo ya watu tofauti inasaidia hata ubora, maana anayepokea hana sababu ya kuficha kwamba kimekuja kitu kingine.

Mzigo ukifika, anayepokea awe na nakala ya oda yenye zile sifa zote, sio invoisi tu. Dumu lisilo na lebo linarudi, lebo yenye lugha ambayo watumiaji hawaisomi mnaandika tafsiri kabla halijatoka stoo. Asidi kando na klorini, vinavyowaka kando na vyote, vizito rafu za chini, cha zamani kitoke kwanza. Na tafadhali sana kemikali isimiminwe kwenye chupa za maji au soda, hata kidogo tu, hata kwa siku moja, mtu atakunywa.

Stoo iwepo daftari moja la malalamiko, mtu yeyote aandike kitu kilichomuumiza, kilichovunjika mapema, kilichobaki bila kutumika. Mara ya kwanza utapata mistari miwili mitatu, watu wakishaona walichoandika kimebadilisha oda wanaanza kuandika kweli. Fungua hilo daftari kila unapokaa kuandika oda mpya.

Kama unaanza kabisa usijaribu vyote kwa mkupuo, utachoka na utagombana na kila mtu. Mimi ningeanza na dawa za usafi, kwasababu zinagusa kila chumba, zinaisha haraka kwahiyo huna stoku kubwa ya kumaliza, na wanaozishika ni wale ambao mara nyingi hamna anayewauliza. Kusanya karatasi za usalama za zote zilizopo wiki hii, ambazo saplaya hana uziweke pembeni, kaa na watu wa usafi saa moja mchague mbili au tatu za kubaki nazo. Taa mbadilishe kadri zinavyoungua. Viyoyozi na kompyuta subiri mkataba uliopo uishe, ila zile sifa ziandike kuanzia sasa, maana tenda ikitangazwa huwa wanakupa siku tatu tu.